Kengele Niliyoivisha Kitambaa

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, na kusema kweli miguu yangu inaukumbuka kuliko kichwa: maji ya baridi yakipita chini ya mlango wangu kule mtaa wa Nyalenda bila kupiga hodi, yakielekea moja kwa moja kwenye kochi langu.

Lakini kwanza nikuambie kwa nini nakuandikia. Habari zako nimezipata. Jumapili uliitwa mbele kanisani, ukaambiwa watu wameomba na wameona wewe ndiye utakayeongoza kikundi cha kutembelea wagonjwa. Wewe ukatoka kwa mlango wa nyuma na simu sikioni. Simu ambayo haikuwa imelia. Usikatae, walioniambia walikaa karibu nawe, na kioo cha simu kilikuwa cheusi kama sufuria ya githeri. Sikulaumu. Kama kuna mtu anayeweza kukufundisha kutoroka vizuri, ni mimi. Basi kaa nikusimulie jinsi nilivyojaribu nikashindwa.

Nilikuwa mke mchanga. Mume wangu, fundi wa baiskeli, alinitoa kwetu Port Victoria akanileta Nyalenda, na majirani hawakujisumbua kuuliza jina langu. Waliniita Nyar Port, yaani binti wa kutoka Port, nami nikaitika. Kuna watu wanapenda soko, wengine wanapenda harusi na matanga. Mimi nilipenda ndani. Chumba chetu kilikuwa kimoja, na kila kilichokuwemo nilikivisha kitambaa cha kroshia nilichofuma mwenyewe: kochi, meza, redio, mpaka jerikeni la maji. Mume wangu alikuwa akisema anaogopa kulala mapema, asije akaamka amevishwa.

Na mlango! Ploti nzima, vyumba vyote vya kupanga, ilikuwa na milango ya mabati inayopiga kelele upepo ukikohoa. Mimi nilimsumbua huyo mwanamume mpaka akanitafutia mlango wa mbao, mzito, wa kusukuma kwa bega. Nikiufunga, Nyalenda yote inabaki nje. Hiyo ndiyo ilikuwa mbingu yangu.

Nyuma ya ploti yetu palikuwa na kanisa dogo la mabati, la wale wa kanzu nyeupe. Watu waliitwa kwenye ibada kwa ngoma. Lakini palikuwa pia na kengele ya mkono, ya shaba, yenye mpini wa mti, na hiyo ilikuwa na kazi moja tu. Wakati ule simu zilikuwa za maofisini. Mtu akizidiwa na ugonjwa, unakimbia kwa mwenye kengele. Yeye anaenda kusimama mlangoni pa mgonjwa, anapiga, na kila anayesikia anaacha alichoshika anakuja, kuomba na kumbeba hadi barabarani. Kengele ilisema neno moja: hapa kuna mtu hai anayehitaji mikono. Na mwenye kengele haondoki hapo mlangoni mpaka watu wafike. Tena haikabidhiwi njiani kama kikombe cha chai. Unaipokea mbele ya watu wote, na ukiirudisha, unairudisha mbele ya watu wote.

Aliyeishika miaka mingi ni Mama Dorka, bibi mwenye mdomo mkali na magoti mabovu. Jumapili moja akasimama akiegemea fimbo, akasema kwa Kiswahili, nikajua hapo hapo kwamba maneno yananihusu mimi nisiyejua vizuri Dholuo, lugha ya pale.

"Nimeomba," akasema. "Nimeonyeshwa mwanamke amekaa karibu na mlango, mikono yake haitulii."

Mimi nilikuwa karibu na mlango. Kila ibada nilikaa hapo, ili nitoke kwanza.

"Yule pale," akasema, akininyooshea fimbo. "Huyo anayefuma chini ya leso akidhani Mungu haoni."

Kanisa likacheka. Nilijaribu kuficha sindano ya kroshia, ikanidunga paja. Kabla sijapata la kusema, kengele ilikuwa mapajani mwangu, nzito kuliko nilivyodhani, na watu wanapiga makofi.

Baadaye nilimfuata nje. "Mama, mimi sauti yangu haifiki hata kwa jirani."

"Ndiyo maana umepewa kengele."

"Dholuo yangu mbovu."

"Na hiyo kengele inaongea Dholuo gani?"

"Mama, sijui kuomba mbele ya watu. Mimi ni mtu wa nyumbani."

Akaegemea fimbo yake, akaanza kuondoka. "Nenda nyumbani basi," akasema.

Nikaenda. Nikaiweka kengele juu ya redio, na sasa ikawa kila nikipangusa vumbi inalia kidogo, *ting*, na moyo wangu unaruka. Hiyo *ting* haikuwa sauti ya shaba kwangu. Ilikuwa kama mtu anayeniita jina langu halisi, lile majirani hawakulijua. Nikafanya nini? Nilichukua uzi nikaufunga ulimi wa kengele, nikazungusha, nikakaza mafundo kama ya nyavu za kwetu Port. Halafu, kwa kuwa kitu cha heshima hakikai uchi nyumbani mwangu, nikaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Mwanangu, ilipendeza. Wageni waliuliza hicho ni chombo gani. Nikapanga kwamba Jumapili ifuatayo nitairudisha, na maneno ya kuirudishia nilikuwa nimeyakariri.

Lakini maji yalifika kabla ya Jumapili. Mvua ilinyesha siku baada ya siku. Mto ulio nyuma ya makazi ukajaa, na ziwa nalo likakataa kupokea zaidi, maji yakaanza kurudi kwetu. Mchana huo ninaokuambia, watu wengi wa ploti walikuwa wameshahamisha watoto na magodoro upande wa juu, karibu na barabara. Mume wangu alikuwa mjini, njia imekatika. Mimi nilibaki nikipandisha kochi juu ya matofali. Wenzangu waliokoa watoto, mimi naokoa kochi.

Ndipo mlango ukasukumwa. Alikuwa Atieno, wa chumba cha ng'ambo, mwenye ujauzito mkubwa. Mumewe, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ameenda huko huko kwetu Port Victoria kununua mzigo. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, gauni limelowa, na haikuwa mvua peke yake. Niliona damu ikichora mstari kwenye maji.

"Nyar Port," akasema polepole, "miguu imekataa."

Nilimvuta hadi kwenye kochi, hatua chache tu kutoka mlangoni, juu ya vitambaa vyangu vyote. Akauma mto. Nikatazama uani: hakuna mtu, maji tu, na ndoo ya mtu ikielea. Basi nikafanya ambacho msichana wa Port hufanya akitaka msaada. Nilisimama mlangoni nikapiga nduru. Nilipiga kwa nguvu zote za kifua changu, mimi niliyesema sina sauti.

Nikasikia wanaume wakijibu kwa mbali. Nikasikia miguu ikikata maji, mingi, mbio. Nikamshukuru Mungu. Halafu nikasikia ile miguu ikienda mbali, upande wa mtoni.

Mwanangu, hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kule Nyalenda, nduru ya mwanamke ni ya msiba. Na siku za mafuriko, nduru ina maana moja: maji yamemchukua mtu. Watu wote waliokuwa karibu walikuwa wanakimbilia mtoni kutafuta maiti, na ni mimi niliyewatuma.

Nyuma yangu, Atieno aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Nyar Port," akasema. "Unanililia na mimi bado niko hai?"

Sijawahi kuulizwa swali lililonikata kama hilo. Nilikimbilia redio. Nikavua kitambaa, nikashika kengele, na unadhani niliwaza nini? Niliwaza: nimpelekee Mama Dorka. Yeye ndiye mwenyewe. Yeye akiipiga watu watakuja. Nitavuka maji, nitamtafuta kule juu, nitamwambia chukua, hii ni yako, mimi nilichaguliwa kwa makosa. Niliona ni wazo la busara kabisa. Nilishaingiza mguu mmoja kwenye maji ya uani niliposhikwa gauni. Atieno alikuwa amejiburuta mpaka ukingoni mwa kochi, ameshika pindo langu kwa ngumi.

"Unaenda wapi?"

"Kumleta Mama Dorka."

"Na magoti yake yataogelea?"

"Atieno, mimi sijui kuomba. Nitakuharibia."

"Nani amekuambia uombe?" Uchungu ukampita, akasubiri, akakaza ngumi zaidi. "Piga hiyo kitu! Usiende kutafuta mtu. Wewe ndiye mtu yuko hapa."

Nikaipiga. Haikulia. Ikafanya *tup, tup*, kama mtu anayegonga godoro. Uzi wangu! Yale mafundo niliyojivunia yalikuwa yamevimba kwa unyevu. Nilitafuta mkasi; mkasi ulikuwa mahali fulani chini ya maji. Nikaingiza kengele mdomoni, nikauma. Nakuambia nilitafuna uzi huo kama mbuzi, ladha ya shaba na pamba, ufizi ukitoka damu, Atieno akihema nyuma yangu, na fundo moja likifunguka jingine linatokea. Fundi mzuri nilikuwa, ole wangu. Mwishowe ulimi ukaanguka, huru, na kengele ikalia yenyewe mkononi mwangu kabla sijaipiga.

Nikasimama mlangoni, maji yakinifika magotini, nikapiga.

Hakuja mtu. Mvua kwenye mabati ilikuwa inameza kila kitu. Nikabadilisha mkono. Nikapiga. Niliwaza, hata kengele yenyewe inajua mimi siye. Nikamwita Atieno, akajibu "mm." Nikapiga tena. Nilitamani kutoroka, sitakuficha, lakini nyumba yangu haikuwa na mlango wa nyuma. Nikamwita tena, hakujibu. Nikageuka, nikaona mkono wake umeachia gauni langu na unaning'inia. "Atieno!" Nikamtikisa bega. "Atieno, ukinifia kwenye kochi langu sitakusamehe!" Midomo yake ikasogea kidogo, nusu ya kicheko, nusu sijui nini. Nikarudi kupiga, sasa nalia, na mkono haukuwa wangu tena. Ulikuwa unapiga tu.

Kichwa kikatokea kwenye kona ya ploti. Alikuwa Odhis, muuza maji wa mkokoteni, mtu wa kelele kuliko redio.

"Nani anapiga kengele? Mama Dorka amepona magoti?"

"Ni mimi!"

"Wewe? Si kuna mtu amezama? Watu wote wako mtoni!"

"Hakuna aliyezama! Nilikosea! Atieno anajifungua, anapoteza damu, kuja!"

Halafu akageuka akaita kwa ile sauti yake ya kuuzia maji, na nikasikia miguu ikirudi. Wakajaa uani, wanaume wamelowa, wanahema, mmoja bado ameshika kamba ya kuopolea maiti.

"Mkokoteni hautapita," Odhis akasema. "Magurudumu yanazama. Tumbebe na nini?" Akagonga mlango wa jirani, ukajikunja kama karatasi. Akatazama huku na huku, halafu akatazama mlango wangu.

"Huo," akasema.

"Upi?"

"Nyar Port, kuna mwingine?"

Sitakudanganya kwamba sikusita. Mtu anakufa nyuma yangu, na bado kuna kasehemu kadogo moyoni kalikoshika bawaba. Halafu nikasikia Atieno akiguna, nikasema, "Ng'oeni."

Waling'oa bawaba kwa jiwe na nondo. Wakamlaza juu ya mlango wangu, nikatandika mito yangu chini yake, wakainua mabegani. Mwenye kengele hutangulia, basi nikatangulia, mimi niliyekuwa naogopa hata kupita mbele ya watu kwenda msalani. Maji yalifika kiunoni. Pembeni mwa njia palikuwa na mtaro usioonekana, na katikati ya safari mguu wa mtu mmoja ukauingia. Mlango ukainama. Atieno akateleza, mto ukaanguka ukaenda na maji, watu wakapiga kelele. Nikaruka, nikaweka bega langu chini ya ile kona iliyoinama, uso wangu karibu na wake, na nikasikia mtu anaomba kwa sauti kubwa. Nilikuwa ni mimi. Nilichanganya Dholuo mbovu, Kiswahili na lugha ya mama, na sikumbuki chochote isipokuwa, "Mungu, shika mlango! Wee Mungu, shika huo mlango!"

"Amin!" wakajibu wanaume wote.

"Endelea hivyo hivyo!" Odhis akasema kutoka upande wa pili, meno yakigongana. "Hiyo ndiyo unajua!"

Barabarani tulisimamisha pikapu iliyobeba makabeji. Dereva hakuuliza swali. Wakampakia Atieno na mlango wangu kwa pamoja, na ikaondoka, na mimi nikabaki nimesimama na kengele, sijui kama niliyempakia ni mtu au maiti.

Nilirudi nyumbani kwenye uwazi. Unajua nyumba isiyo na mlango ikoje? Kila anayepita anakuona. Nilikaa kwenye kochi lililolowa, na kila aliyepita aliuliza, "Kuna habari?" nami nikasema hakuna. Wengine waliingia wakakaa nami. Mama mmoja ambaye sikuwahi kumsalimia vizuri alileta uji. Hata sasa nikisikia harufu ya uji wa mtama napata ile hofu.

Habari ilikuja asubuhi. Atieno alikuwa hai. Mtoto msichana, hai, analia kuliko mama yake. Alizaliwa kwenye mvua, kwa hiyo akaitwa Akoth, ingawa Odhis aliwaambia watu wote kwamba yeye alipendekeza Kengele.

Unadhani nilijifunza hapo? Mwanangu, mimi si mwepesi hivyo. Jumapili nilienda na kengele imefungwa kwenye kile kitambaa cha maua, niirudishe. Nilimvizia Mama Dorka kabla ya ibada, nikamwambia: unaona sasa? Nilipiga nduru nikawapoteza watu. Niliifunga kengele ulimi. Nilitaka kukimbia. Niliomba kama mlevi. Huyo ni mtu wa kuitwa na Mungu?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanikaripia, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililonitisha zaidi.

"Wewe unadhani huo ni unyenyekevu. Huko ni kujitazama. Mwenzako anamwaga damu, na wewe unapima sauti yako kama inatosha! Nani alikuambia Mungu alikuwa anatafuta mtu hodari? Wahubiri hodari tunao humu, ukiwasikiliza unalia. Lakini bisha kwao mchana. Huyu yuko sokoni, yule yuko mjini, mwingine yuko mkutano. Mimi niliomba nionyeshwe mtu ambaye ukibisha, yuko. Nikaonyeshwa wewe na sindano yako."

Wakati wote nilikuwa nikitaja kukaa kwangu nyumbani kama sababu ya kuachwa, kumbe ndicho nilichoitiwa.

"Kengele nenda nayo," akasema. "Kitambaa niachie mimi. Magoti yangu yanaona baridi."

Mlango uliletwa na pikapu ile ile. Mume wangu aliurudisha kwenye bawaba, lakini ulikuwa umevimba kwa maji, na tangu siku hiyo haukufunga vizuri tena. Mtoto angeusukuma kwa kidole. Na watu waliusukuma, mwanangu, mchana wote, miaka yote, mpaka tukahamia huku Nyamasaria, na nywele zangu zikawa hivi unavyoziona. Siku hizi watu wanapiga simu, kengele imebaki karibu na mlango, na sijaivisha kitu. Sijawahi kuwa msemaji. Odhis hadi leo akiniona anasema, "Mungu, shika mlango!" na watu wanacheka, nami nacheka nao.

Basi nasaha yangu ni hii, na iandike mahali utakapoiona ukiwa umeshika hiyo simu yako isiyolia. Ukiitwa, usianze kujipima. Hutatosha, hakuna aliyewahi kutosha, na waliodhani wanatosha wametusumbua sana. Uliza tu: nani yuko karibu nami anayehitaji mikono, na je, mimi nipo? Kama upo, umeshajibu nusu. Utakosea. Utapiga nduru palipohitaji kengele. Usikimbie kwenda kumtafuta anayejua zaidi huku aliyeshika pindo lako anakuachia. Kosa lako Mungu anaweza kuligeuza akarudisha miguu ya watu. Kutokuwepo kwako hakugeuzwi na chochote. Na kile unachojificha nacho, chunguza vizuri. Labda ndicho ulichopewa.

Jumapili ijayo rudi, uingie kwa mlango wa mbele. Wakikucheka, cheka nao. Wagonjwa hawangoji ujue kuomba. Wanasubiri hodi yako.

Na mimi nakuombea kama nilivyoombewa: Mungu akupe sauti pale unapoihitaji tu, asikupe zaidi ukaanza kuipenda. Akupe watu wanaojibu "Amin" hata ukikosea maneno. Na nyumba yako, mwanangu, aijalie kila kizuri, kochi na vitambaa vyake, lakini akupe mlango usiofunga vizuri.